Nafasi ya Mshono Kwenye Chuma

Kaka yangu ni fundi saa, mke wake ni fundi cherehani, na mimi ni mtu wa tatu asiye na kazi kwenye sebule yao. Duka langu la vifaa vya shule liko chini ya jengo hilohilo. Nikishafunga, napanda ngazi na kikombe changu mkononi. Ndiyo, naenda na kikombe changu. Vyao vina vishikio vidogo, vidole vyangu haviingii.

Zamani ukiingia pale jioni ungefikiri watu wamenuniana. Meza ya kaka ilikaa dirishani, ndogo, yenye ukingo wa mbao pande zote ili skrubu zisidondoke. Meza ya wifi ilikaa ukutani, na kiti chake kilielekea mgongo wa kaka. Wifi alikuwa akipinda mapindo kwa mkono, kazi za wateja wake wa mtaani, na kaka akiwa ameibana lenzi jichoni, akiinua saa moja moja na kuiweka sikioni. Hawasemi kitu. Mimi ninaweza kumaliza habari za duka zima, za jirani na za jirani wa jirani, wao wanaitikia "mh" tu. Kisha mmoja anaweka kazi chini.

"Fundi, chai?"

"Nipe, fundi."

Basi, mazungumzo yameisha. Wanaitana fundi tangu enzi za uchumba wao, na sijawahi kusikia mmoja akimwita mwenzake jina lingine. Nilikuwa nawatania kwamba siku wakigombana itabidi waniite mimi niwagombanie, maana wao hawana maneno ya kutosha.

Mchana wifi alifanya kazi kwenye karakana ya kushona nguo za kazini, ovaroli na makoti ya wauguzi, safu mbili za mashine chini ya bati, sakafu ya saruji, na kelele ya kukutoa akili. Aliizoea. Kisha asubuhi moja aliamka akauliza nani ameacha birika likilia jikoni. Hapakuwa na birika. Mlio ulikuwa ndani ya kichwa chake, mwembamba, wa juu, na haukuondoka siku hiyo wala siku iliyofuata.

Nilimsindikiza kwa daktari wa masikio. Mama mmoja mpole, alimfungia kwenye chumba kidogo chenye kuta za sponji, akampima, akamwambia ukweli.

"Huu huenda usiondoke, lakini unaweza kuuzoea. Kazini uvae vizibo. Nyumbani usikae kwenye kimya kitupu, na pia usiufunike kwa kelele. Weka sauti laini, iwe chini kidogo ya mlio wenyewe."

Wifi alilisikia la kimya, la kelele likampita. Tulirudi nyumbani, akawasha redio, na redio ile haikuzimwa tena. Habari, mpira, matangazo ya sabuni, watu wawili wakibishana kuhusu bei ya saruji. Kaka hakulalamika. Yeye hana lugha ya kulalamika. Lakini huyu ni mtu anayetibu saa kwa sikio, na sikio lake sasa lilikuwa limejaa sabuni na saruji. Jioni moja nilipanda nikakuta meza yake haipo. Alikuwa ameihamishia stoo, mwisho wa ukumbi, katikati ya ndoo za rangi na baiskeli isiyo na gurudumu.

"Huku kuna mwanga mzuri," aliniambia.

Stoo ile haina dirisha.

Wifi naye akajitia hamnazo. Aliongeza sauti ya redio, akainamia pindo lake, lakini macho yake yalikuwa yakienda palepale kila mara, kwenye alama nne ambazo miguu ya meza ilikuwa imeziacha sakafuni. Iliniuma kuona vile. Nilijua hawataachana, watu wa namna ile hawaachani. Wangeendelea tu hivyo, mmoja stoo, mwingine na redio yake, wakiulizana chai kupitia mlangoni mpaka uzeeni, na kila mmoja akijisifu kwamba hajamsumbua mwenzake.

"Nataka arudi pale, wifi," aliniambia siku moja kaka alipotoka. "Lakini nikizima redio, ule mlio unanijaa mpaka kwenye meno."

Mimi nikajifanya mganga. Nikamtafutia sauti ya mvua kwenye simu. Ilikuwa mvua nzuri, ya taratibu, na kwa muda alionekana ametulia. Kisha akainua kichwa.

"Hapo. Imerudi mwanzo."

"Nini?"

"Mvua. Kuna mshono."

Sikusikia kitu. Yeye alinionyesha kwa kidole, kama anavyonionyesha maua ya kitambaa yasiyokutana vizuri ubavuni, na mvua ilipofika tena pale akasema, "Hapo." Tukajaribu mto, tukajaribu upepo, tukajaribu majani. Kila sauti aliupata mshono wake, na akishaupata hasikii kingine. Nilikasirika, nikamwambia hata kwenye mvua anachagua. Alicheka kidogo, kwa adabu, akawasha redio.

Sasa, mtaa wa nyuma kuna fundi wa vinanda na spika tunayemwita Bwana Waya, kwa sababu hutembea na nyaya shingoni kama wifi anavyotembea na tepu yake ya kupimia. Alikuwa ameagiza kwa wifi mifuko ya kufunikia vinanda. Wifi alipompelekea, alikuta nyuma ya pazia la duka kuna sauti inaendelea, nzito, pana, ikibadilika polepole bila kuwa wimbo. Akasimama na mifuko yake mikononi, akisubiri mshono. Bwana Waya akadhani anasubiri malipo.

"Pesa yako ipo, mama, kaa kidogo."

"Sio pesa. Hii inarudia saa ngapi?"

"Hairudii."

"Kila kitu kinarudia."

"Hii hakuna aliyeirekodi. Inatengenezwa sasa hivi tunavyoongea."

Akafungua pazia. Juu ya meza palikuwa na kasha la mbao lililojaa vipande vya chuma vilivyopangwa wima ubavu kwa ubavu, vyenye vitufe vya kuzungusha na matundu, na nyaya fupi za rangi zikitoka tundu hili kwenda lile. Ni sinthesaiza, mashine ya kuunda sauti kwa umeme, alimweleza, ila ni ya vipande. Hainunuliwi ikiwa nzima. Unachagua mwenyewe: kipande kimoja kinazalisha sauti, kingine kinaikata makali, kingine kinaipandisha na kuishusha, kingine kinaipa mwangwi. Kila mtu hupanga ya kwake kulingana na anachokitaka.

Wifi alikuja moja kwa moja dukani kwangu, mkono juu ya kaunta, akihema.

"Nipe kadibodi," alisema. "Ngumu."

Nilimwuliza ni ya nini, akanieleza yote kwa pumzi moja. Nikamwuliza na nyimbo zinatokea wapi. Akasema hakuna nyimbo. Nikamwuliza, kwa hiyo mtu mzima ananunua kinanda kisicho na nyimbo wala cha kubonyeza? Akasema, wifi, nipe kadibodi.

Bwana Waya alikuwa amempa onyo moja. Watu wa mara ya kwanza hukimbilia kununua, vipande vinajaa nyumbani, kisha wanagundua havifanyi kazi pamoja. Panga kwanza, alisema, ukiridhika ndipo seremala akutengenezee kasha dogo la kipimo chako. Kupanga ndiyo kazi yake wifi. Alipima vipande vya dukani kimoja kimoja kwa tepu, akavichora nyumbani juu ya kadibodi kwa ukubwa wake halisi, akavikata. Sio kwa mkasi wa kitambaa. Ule mkasi ukiugusa na karatasi utahama nyumba. Alitumia wa jikoni. Akavipaka chaki za rangi tofauti, akaviweka ndani ya kifuniko cha boksi la viatu, na kila jioni akawa anavihamisha, hiki huku, kile kule, redio ikibwabwaja pembeni.

Mpango wa kwanza alimpelekea Bwana Waya, nami nikaenda naye kwa sababu sipendi kusimuliwa. Jamaa aliangalia kile kifuniko cha boksi, akajikuna.

"Mama, umeweka waimbaji watatu, na hakuna mtu wa kuwaambia wapunguze sauti."

Wifi alikuwa amechagua vipande vitatu vya kuzalisha sauti kwa sababu vilikuwa vizuri usoni, na hakuchagua hata kimoja cha kupandisha na kushusha, kwa sababu kile hakina sura. Bwana Waya alisema hilo ni kosa la kila mtu. Alimwambia pia ahesabu umeme, maana kila kipande kinakula wake, na aangalie vingine ni vyembamba usoni lakini nyuma vina tumbo.

"Hao nawajua," alisema wifi. "Ni wateja wangu."

Wawili kati ya waimbaji watatu wakatoka. Kikaingia kile kisicho na sura, pamoja na kingine kinachotoa sauti ya hewa tu, kama bomba la maji la chumba cha pili. Bwana Waya akapendekeza pia kipande cha mapigo, cha kuifanya sauti iwe na mwendo. Hapo wifi akasita. Alirudi nyumbani, na badala ya kukaa kwenye meza yake alikwenda mpaka stoo, akasimama mlangoni. Mimi nilibaki ukumbini na kikombe changu. Sikujificha, nilikuwa nimesimama tu.

"Fundi, ukiiweka saa sikioni unasikiliza nini? Mlio wake?"

Kaka alifikiri. Swali lolote la kazi hulijibu kwa uaminifu.

"Mlio siusikilizi sana. Nasikiliza nafasi kati ya mlio na mlio, kama ziko sawa."

"Kwa hiyo kitu kingine kikipiga pembeni..."

"Kinaniharibia hesabu."

"Haya. Asante, fundi."

Alirudi sebuleni, akakichukua kipande cha kadibodi cha mapigo, akakitia kwenye kopo la taka. Mahali pake akaweka cha kuyumbisha, kinachoisogeza sauti juu na chini taratibu mno, kama pazia dirishani. Nikaelewa wakati ule kwamba hakuwa akijitengenezea mashine yeye peke yake. Alikuwa akikata nguo ya watu wawili, na mmoja hajui kwamba anapimwa.

Vikabaki vipande sita. Kasha likachongwa kwa kipimo cha kadibodi. Kugharamia mambo hayo aliuza cherehani yake ya pili, ile ya kudarizi, na hakutaka tuizungumzie.

Bwana Waya alileta vipande Jumapili mchana, na bisibisi yake mfukoni. Kasha lilikuwa juu ya meza ya wifi, jipya, linanukia mbao, dogo la kuweza kukaa mapajani. Kikaingia cha kwanza, cha pili, mpaka cha sita. Mwishoni kulibaki pengo, upana wa kiganja kizima, wazi, nyaya za umeme zinaonekana ndani.

"Nani alipima hii?" aliuliza Bwana Waya.

"Mimi."

"Ulipima vizuri?"

Uso wa wifi ukamshuka. Hilo ni swali ambalo fundi nguo haulizwi. Alichukua tepu shingoni, akapima kipande, akapima kasha, akapima tena. Mimi nikaokota moja ya zile kadibodi nikailaza juu ya chuma chake. Ikazidi. Ilizidi kushoto na kulia, sawasawa, kama nusu ya unene wa kidole kila upande. Nami nimempelekea wifi magauni ya kupanuliwa miaka mingi, kwa hiyo nililiona kabla yao.

"Wifi," nikasema, "umeacha nafasi ya mshono."

Alitazama. Mkono wake ulikuwa umeongeza wenyewe, pande zote mbili za kila kipande, bila kumwuliza, kama ulivyofanya kwenye kila kitambaa alichokata maishani.

"Chuma," alisema Bwana Waya polepole, "hakishonwi."

Wifi akajifunika uso kwa mikono. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, nikaweka kikombe chini nimshike. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, kicheko kile cha zamani ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku ya birika. Kule mwisho wa ukumbi kitu kikaanguka, na kaka akatokea mlangoni na lenzi yake bado jichoni, akitutazama kwa jicho moja kubwa.

"Kuna nini?"

Akasimama pale akimwangalia mke wake anavyocheka, kisha akarudi stoo polepole.

Bwana Waya, mfanyabiashara, alikwisha kuona riziki. Akasema pengo limejileta lenyewe, kuna kipande kizuri sana cha ukubwa huohuo. Wifi akafuta machozi, akakataa.

"Nikiongeza nitaanza kuisikiliza. Sitaki kuisikiliza."

Jioni ile alizima redio. Nilikuwepo, na nakiri roho ilikuwa juu. Alikunja uso mlio ulipomjia, akaunganisha nyaya zake, akafungua sauti. Ilijaza chumba. Akaikata makali kidogo kidogo, akaishusha, akaishusha tena, mpaka nikasogeza shingo.

"Mbona sisikii kitu?"

"Unasikia. Nyamaza."

Kunyamaza kwangu si jambo dogo, lakini nilinyamaza. Na kweli ilikuwepo, chini kabisa, kama friji ya chumba cha pili, ila yenye upole zaidi. Kidogo inafifia, kidogo inarudi, na kila ikirudi si vilevile. Wifi alitunga uzi kwenye sindano. Alikuwa amekumbuka lile neno la pili la daktari.

"Na mlio?" nikamwuliza baada ya muda.

"Upo. Umekaa nyuma."

Nilitegemea kaka angehamia usiku uleule. Wapi. Alikuja, akasimama mlangoni, akaisifu mashine, akaniuliza habari za duka, akarudi kwenye ndoo zake za rangi. Kesho yake hivyohivyo. Kaka yangu akishasema neno kwa upole, kumrudisha nyuma ni kazi. Alikuwa amesema stoo kuna mwanga mzuri, na sasa atakaa kwenye giza lile kulitetea. Nikamwambia wifi amwite.

"Simwiti. Akija kwa kuitwa atakaa kama mgeni."

Nikawaona wote wawili ni wapumbavu, na nikawaambia, kila mmoja kwa wakati wake. Walinisikiliza vizuri sana. Hakuna kilichobadilika, na zile alama nne sakafuni wifi akawa anafagia kuzizunguka.

Kilichomleta kaka ni vumbi. Alikuwa amekuja kuuliza chai, jicho lake likaangukia kwenye lile pengo la kasha. Akainama. Mtu aliyekaa maisha yake yote akifungua saa hawezi kupita mbele ya kitu kilichoachwa wazi.

"Fundi, hapa patapitisha vumbi."

"Najua, fundi."

"Likishaingia kwenye viungo vya nyaya, ndiyo basi."

"Ndiyo. Sijui cha kufanya."

Alijua kabisa cha kufanya. Kadibodi ilikuwa imejaa pale. Nilifungua mdomo niseme, wifi akanitupia jicho, nikaufunga.

Kaka alikwenda stoo, akarudi na kipimo chake cha chuma. Akapima pengo, akaenda. Tukasikia tupa ikikwaruza. Akarudi na kipande cha shaba, mgongo wa saa ya ukutani iliyokufa zamani, akakijaribu, kikagoma, akaenda. Akarudi. Akaenda. Mara ya nne nikamwambia utaimaliza sakafu. Akasimama katikati ya sebule na ile shaba mkononi, akasikiliza. Nilimwona akisikiliza. Alitoa saa mfukoni mwa shati, akaiweka sikioni, akakaa hivyo kwa muda mrefu, mashine ya mke wake ikiendelea chini yake bila kupiga pigo hata moja.

Kisha akaenda kuichukua meza.

"Kwa ajili ya hiki kifuniko tu," alisema, huku akiishusha dirishani. Miguu minne ikakaa kwenye alama zake nne. Wifi hakuinua kichwa, ila sindano yake ilisimama, na ilichukua muda kabla haijaendelea.

Tangu siku hiyo nikipanda na kikombe changu nawakuta walivyokuwa. Wifi na mapindo yake, kaka na saa zake, na hawasemi kitu. Kile kifuniko bado hakijaisha. Mara pembe moja imezidi, mara matundu ya skrubu hayajakaa sawa, mara kinahitaji msasa laini zaidi, na wakati wa kusubiri kaka anafanya saa za wateja. Pengo wifi ameliziba kwa kadibodi, safari hii ya kipimo kamili. Mimi nauza rula, na najua kipande cha shaba cha ukubwa wa kiganja hakihitaji muda wote huo. Nilimkamata kaka kwenye ngazi nikamwuliza kifuniko kama kile ni kazi ya muda gani.

"Saa moja," alisema. "Mtu akiwa na haraka."

Wiki iliyopita alitoka kupeleka saa ya mteja, wifi akiwa jikoni, na mimi, kwa tabia yangu, nikachungulia kwenye trei ya meza yake. Chini ya vibano na skrubu kulikuwa na kitu kimefungwa kwenye kitambaa. Nikafungua. Kifuniko kimekwisha. Kinang'aa, pembe zote zimelainishwa, matundu yamekaa sawa, na nilipoiondoa kadibodi nikakijaribu kwenye pengo, kilizama kikaenea bila hata unywele kuzidi. Nilitaka kumwita wifi aje aone anavyodanganywa. Halafu nikakitazama kile kitambaa. Kilikuwa kipande cha pamba nyeupe, kimekatwa kwa kipimo cha kile kifuniko, na kimepindwa pande zote nne kwa mkono, mishono midogo, iliyolingana, ninayoijua kwenye magauni yangu mwenyewe.

Nikairudisha kadibodi, nikakifunga kifuniko kama nilivyokikuta, nikakirudisha chini ya vibano. Kaka aliporudi akakaa, akaweka lenzi jichoni.

"Kifuniko kinaendaje, fundi?" aliuliza wifi kutoka nyuma yake.

"Bado kidogo, fundi."

"Hakuna haraka," alisema wifi, akavuta uzi.